Magharibi ya Andalusi: Khabari za Nchi ya Ureno

Mtu wa pwani yetu alisikiapo jina la Mreno hukumbuka mizinga, wala hakosi. Mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida ziliupora mji wa Kilwa, kisha zikauteketeza mji wa Mombasa. Lakini nchi walikotoka watu wale ni wachache miongoni mwetu waijuayo, nasi twapenda kuwaeleza khabari zake, khasa vijana wanaotamani kusafiri.

Ureno iko ukingoni kabisa mwa Ulaya. Jirani yake wa nchi kavu ni mmoja tu, Uhispania; upande mwingine wote ni bahari ya Atlantiki. Waislamu waliingia rasi ile mwaka 711 wakiongozwa na Tariq bin Ziyad, na upande huo wakauita Gharb al-Andalus, yaani magharibi ya Andalusi. Hata leo mkoa wa kusini, wenye majabali na fukwe zipendwazo na wageni, waitwa Algarve. Humo umo mji wa Silves, zamani Shilb, na ngome yake ya mawe mekundu. Kaskazini yake, katika mji wa Beja, alizaliwa al-Mu'tamid bin Abbad, mfalme mshairi wa Sevilla, aliyenyang'anywa ufalme akafia uhamishoni Morocco mwaka 1095. Lisbon ulitekwa na Wakristo mwaka 1147, na Faro mwaka 1249.

Msafiri asiache kufika Mértola. Kanisa la mji huo lilikuwa msikiti uliojengwa karne ya 12, na mihirabu yake ingalipo ukutani, nyuma ya madhabahu. Lugha nayo haikusafishika. Mafuta ya zeituni Mreno huyaita azeite, sukari huiita açúcar, na akitamani jambo liwe husema oxalá, ambalo asili yake ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake. Nasi tuna yake: meza, bendera, leso na gereza ni maneno ya Kireno, na wanafunzi wetu wa madrasa hubisha sana tuwaambiapo hivyo.

Sasa tuangalie tarehe mbili. Desemba 1496 mfalme Manuel aliamrisha Mayahudi na Waislamu waliosalia wabatizwe au waihame nchi. Julai 1497 mfalme yuyo huyo alimtuma Vasco da Gama baharini, naye akafika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Aliyewafukuza Waislamu kwake ndiye aliyewafuata Waislamu kwao.

Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, Vasco da Gama alimlazimisha sultani wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 ikafuliwa chombo cha ibada cha kanisa kiitwacho Custódia de Belém. Kimo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale mjini Lisbon, na watu hulipa kiingilio wakakitazama. Hatuna shaka ni kazi ya fundi stadi. Lakini kijana wa Kilwa akisimama mbele yake, asikitazame kama mgeni. Cha kwao kimo ndani.

Mengi ya mji ule wa zamani hayapo tena, kwani tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko, mawimbi na moto viliuangamiza. Mtaa wa Alfama, wenye jina la Kiarabu, ulisalia kwa sehemu kubwa, na vichochoro vyake vyembamba vitamkumbusha mtu Lamu au Mji Mkongwe.

Na mwenye kuuliza kuhusu sala, Lisbon una msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1985. Jumuiya ya Waislamu wa mji huo iliasisiwa mwaka 1968 na wanafunzi waliotoka katika makoloni, khasa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Katika mji ambao Manuel aliwakataza Waislamu, Ijumaa huadhiniwa, na katika safu wamo watu wa pwani ya Afrika Mashariki.