Kihisi cha Ghalani Hujaribiwa kwa Kuzimwa



Mnajua kuwa karafuu ikipata unyevu gunini hushika ukungu, na bei huanguka. Kwa hivyo tumetia ghalani kihisi cha joto na unyevu. Hupeleka ujumbe kwa intaneti mpaka kwenye dashibodi, yaani ubao unaosomwa kwa simu.

Siku ya kwanza tulikipulizia pumzi, tarakimu ya unyevu ikapanda, tukafurahi. Siku ya pili tulichomoa waya wa umeme makusudi. Ubao ukabaki na tarakimu ile ile ya mwisho, kana kwamba ghala li salama. Hapo tuliingiwa na hofu.

Ujumbe wetu huenda kwa utaratibu uitwao MQTT, uliotungwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta. Dawa imo humo humo. Kihisi kikijiunga na seva huiachia wasia, nayo huutangaza kihisi kikikatika ghafla. Tuliandika: "Kihisi kimezimika," tukauelekeza kwenye ubao. Muda wa kuitikia tuliuweka sekunde 60. Seva hungoja mara moja na nusu ya muda huo, yaani sekunde 90.

Tulichomoa tena, macho kwenye saa. Safari hii wasia ulifika.

Basi, mwanachama atakayefunga chake asiridhike na tarakimu. Na akizime kwanza, aone kama ataambiwa.