Je, Sifa ya Bwana Edison ni ya Haki?

Walimu wengi wafikapo katika habari za wavumbuzi huwaambia watoto ya kuwa Thomas Edison wa Marekani ndiye aliyevumbua taa ya umeme. Sisi nasi tumeyaandika maneno hayo ubaoni miaka mingi. Siku moja mtoto akatuuliza, "Mwalimu, aliivumbua peke yake?" Tukajibu upesi, "Naam, peke yake." Jibu lile halikuwa kweli, na leo twataka kulisahihisha mbele yenu.

Tangu siku ile tumewasikia walimu wakibishana. Mmoja asema Edison hana mfano. Mwingine asema ni mwizi wa kazi za watu. Basi na tuyapime maneno ya pande zote mbili.

Wamshtakio wanazo hoja. Huko Kanada, Woodward na Evans walipata hati ya serikali ya kulinda taa yao mwaka 1874, na baadaye Edison akainunua haki yao. Huko Uingereza, Joseph Swan aliwaonyesha watu wa Newcastle taa yake mapema mwaka 1879, hali Edison hakufanikiwa na yake mpaka Oktoba mwaka ule ule. Tena katika nyumba yake ya majaribio, Menlo Park, walikuwamo mafundi hodari. John Kruesi ndiye aliyekiunda kwa mikono chombo cha kwanza cha kunasa sauti, mwaka 1877. Francis Upton alimfanyia hesabu za umeme. Lakini hati 1,093 za uvumbuzi alizopata Marekani zilichukua jina la Edison.

Yuko na mwingine ambaye watoto wetu hawamjui. Lewis Latimer alikuwa mtu mweusi, ambaye wazazi wake walitoroka utumwani Virginia mwaka 1842. Mwaka 1882 alipata hati kwa njia yake bora ya kutengeneza nyuzi za makaa ziwakazo ndani ya taa. Hapo alikuwa akiwatumikia washindani wa Edison. Mwaka 1884 akaingia katika kazi za Edison, na mwaka 1890 akatoa kitabu cha kuwafundisha watu habari za taa hizo.

Liko na shtaka zito zaidi. Edison alitumia umeme uendao upande mmoja tu, nao haukuweza kufika mbali, ila kadiri ya maili moja hivi. George Westinghouse akaleta umeme uendao na kurudi, uwezao kupelekwa mbali sana. Edison hakukubali. Mwaka 1888 mbwa waliuawa kwa umeme huo katika nyumba yake ya majaribio, ili watu wauogope. Hili hatuwezi kulitetea.

Sasa tuwasikilize wamsifuo. Taa za kwanza zilitaka nyaya nene za shaba, zenye gharama kubwa mno. Edison aliona ya kuwa uzi wa taa ukiwa mwembamba na wenye kuuzuia umeme sana, nyaya nyembamba zitatosha. Yeye na watu wake wakajaribu vitu vingi, hata wakapata mianzi ya Japani, ambayo uzi wake uliwaka zaidi ya saa 1,000. Tena taa pasipo mtambo ni kama bomba pasipo kisima. Basi wakaunda mitambo, nyaya za kupita chini ya ardhi, vipimo vya umeme na vya kuukata upesi hatari itokeapo. Tarehe 4 Septemba 1882 mtambo wa Pearl Street, mjini New York, ukawasha taa zipatazo 400. Wengine walikuwa na taa. Yeye aliufikisha mwanga nyumbani mwa watu.

Hukumu yetu ni hii. Edison si mwizi: hata Swan aliungana naye katika kampuni moja huko Uingereza, mwaka 1883. Sifa yake ni ya haki, ila imewekwa mahali pasipo pake. Asifiwe kwa kuwakusanya mafundi na kuikamilisha kazi, wala asisifiwe kana kwamba alikuwa peke yake. Chanda chema huvikwa pete, lakini kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala jambo hili si dogo. Mtoto aaminiye ya kuwa mambo makubwa hufanywa na mtu mmoja wa ajabu, hukaa akimngoja mtu huyo. Lakini akijua habari za Kruesi, Upton na Latimer, ataona ya kuwa hata yeye ana mahali pa kutia mkono.

Basi, walimu, yafuteni maneno yale ubaoni kama tulivyoyafuta sisi. Na mtoto yule tulimwita, tukamwambia, "Uliuliza vema. Hakuwa peke yake."