Kamera Itafutayo Macho: Majaribio katika Ufuko wa Palma

Nyumbani kwangu Mtwara ipo picha moja ambayo nimeitunza ndani ya bahasha tangu mwaka 2016. Niliipiga mwenyewe katika ufuko wa Palma, ng'ambo ya mto Ruvuma, wakati wa maji kupwa, vijana wa hapo walipokuwa wakicheza mpira juu ya mchanga ulioachwa wazi na bahari. Katikati ya picha yumo binamu yangu, mtoto wa mjomba, mguu wake wa kulia ukiwa juu na mpira umekwisha kumtoka. Minazi iliyo nyuma yake inaonekana vizuri mno, hata makuti yanahesabika. Yeye mwenyewe ni ukungu mtupu.

Kosa hilo halikunishughulisha wakati ule, maana niliamini kuwa zitapigwa picha nyingine. Kisha ikaja tarehe 24 Machi, 2021, siku Palma iliposhambuliwa. Familia ya mjomba ilitoka na nguo walizovaa tu. Nyumba iliteketea, na albamu ya picha iliyokuwa juu ya kabati iliteketea pamoja nayo. Binamu yangu hakuonekana tena. Leo picha ile ya ukungu ndiyo pekee iliyosalia, na kila ninapokwenda kuwajulia hali, mkaza mjomba hunitaka niende nayo. Huisogeza karibu na macho, kisha huisogeza mbali, kana kwamba kosa ni la macho yake.

Kwa hiyo, mwezi wa Juni mwaka 2025, shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi hapa Mtwara, aliponiazima kamera yake mpya ya dijitali inayosifiwa kwa kulenga vitu viendavyo mbio, sikuipeleka harusini. Nilivuka nayo Ruvuma. Jina la kamera silitaji, nisije nikadhaniwa kuwa nimepewa kitu na wenye duka. Shemeji alinipa sharti moja tu: ikirudi na chumvi, nisirudi kwake.

Kwanza tuelewane juu ya neno fokasi. Lenzi ya kamera huwekwa kwa umbali fulani. Kitu kilichopo kwenye umbali huo hutoka kikali na wazi, na vilivyo mbele yake au nyuma yake hufifia. Zamani kazi ya kuipata fokasi ilikuwa ya mkono, mpiga picha akizungusha pete iliyo kwenye lenzi. Wale waliompiga picha Eusébio, kijana wa Msumbiji aliyeichezea Ureno na kufunga mabao 9 katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 huko Uingereza, hawakuwa na mashine ya kuwasaidia kulenga, maana haikuwapo. Mpiga picha wa michezo wa siku hizo aghalabu alikaa karibu na goli, akailenga lenzi mahali alipodhani mchezaji atapita, akangoja. Ricardo Rangel, mpiga picha mashuhuri wa Maputo aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2009, naye alijifunza kazi hiyo katika zama za mkono na jicho.

Kamera ndogo ya kwanza ya kujilenga yenyewe iliyotengenezwa kwa wingi ilikuwa Konica C35 AF ya mwaka 1977. Mwaka 1985 Minolta ikatoa kamera ya 7000, ambayo injini yake ya kulenga ilikuwa ndani ya mwili wa kamera, na tangu hapo wapiga picha wa magazeti wakaanza, baadhi yao kwa shingo upande, kuiachia mashine kazi hiyo.

Mashine hulenga kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kubahatisha: lenzi husogea mbele na nyuma hadi kingo za vitu zionekane kali kabisa, mfano wa mtu anayetafuta stesheni kwenye redio, ambaye hupita kidogo ndipo ajue kuwa amepita. Njia hiyo hupenda sana mistari myeusi mbele ya kitu cheupe. Kamera yangu ya mwaka 2016 ilikuwa ya namna hiyo. Kwa hakika makuti ya minazi mbele ya mbingu nyeupe ndiyo iliyoyapenda, ikamwacha binamu yangu.

Njia ya pili hulinganisha nuru inayopita upande mmoja wa lenzi na ile inayopita upande wa pili, kama macho yetu mawili yanavyofanya kazi. Zisipolingana, mashine hujua papo hapo kuwa isogee upande gani na kwa kiasi gani. Katika kamera mpya za leo vidoa vya kufanya ulinganisho huo vimetandazwa karibu uso wote wa kihisi kinachopokea picha, na juu ya hayo kamera ina kompyuta iliyofundishwa kwa picha nyingi sana kutambua binadamu, kichwa, jicho, ndege, mnyama au gari.

Kabla ya kuitoa kamera mkobani nilikwenda kwa viongozi wa mtaa, kisha kwa walinzi wa usalama, nikaeleza nia yangu. Katika nchi iliyoona vita, mtu mwenye lenzi ndefu hutazamwa mara mbili, na ni haki. Hakuna picha ya ngalawa inayostahili kumtia hofu mama aliyewahi kukimbia. Askari mmoja aliishika kamera, akaigeuza, akaniuliza kama inaweza kumpata mwanawe wa miaka mitatu, ambaye hakuna simu iliyowahi kumpata akiwa ametulia. Nilimjibu kuwa hilo hasa ndilo nimekuja kulijua.

Mpira ulichezwa jioni, maji yalipokuwa yamekwenda mbali. Mdogo wake binamu yangu, ambaye sasa ana miaka 17, alicheza namba saba. Picha zangu ishirini za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko ile ya mwaka 2016, na kosa lilikuwa langu. Niliiacha kamera kwenye mtindo wa kulenga mara moja, ambao hushika umbali na kuung'ang'ania, hali kijana amekwisha kusogea hatua mbili. Nilipohamia kwenye mtindo wa kufuata, mambo yakabadilika. Kisanduku kidogo kilitua juu ya jicho la kijana na kuandamana naye. Alipogeuka, kikahamia kisogoni. Aliponirudia, kikarudi jichoni. Kwa muda wa sekunde moja kamera ilipiga picha 15, na nyingi katika hizo zilikuwa wazi hata jasho la juu ya nyusi likaonekana. Nakiri kuwa nilicheka peke yangu.

Hata hivyo ilikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Mchezaji mwingine alipokatiza mbele, mara nyingine kisanduku kilimngoja mtu wangu, na mara nyingine kilimhama na kumfuata huyo mgeni bila aibu. Ipo sehemu ya kuipunguzia kamera haraka hiyo ya kuhama, nami niliipunguza, ikasaidia kwa kiasi. Jambo jingine lililonipotezea picha halikuwa la fokasi kabisa. Nilipofungua shata kwa sehemu 1 ya 250 ya sekunde, uso ulitoka mkali na mguu ukatoka kama moshi. Kwa mpira hapana budi kutumia sehemu 1 ya 1,000 au haraka zaidi. Watu wengi huilaumu fokasi kwa dhambi ya shata.

Kwa ngalawa sina mengi ya kusema. Pepo za kusi zilivuma vizuri, matanga yakajaa, na kamera iliwafuata mabaharia mpaka maji yaliporuka. Hapo ilihangaika kidogo kati ya matone na nyuso. Chombo kilipopita baina yangu na jua, nyuso zikawa nyeusi, ikashika ukingo wa tanga.

Ngoma ya mapiko ndiyo iliyonifundisha zaidi. Siku ya tarehe 25 Juni, miaka 50 tangu Uhuru wa Msumbiji wa mwaka 1975, vijana wa Kimakonde walicheza uwanjani. Msomaji asiyeijua ngoma hii na afahamu kuwa mchezaji huvaa kichwani kinyago kizima cha mti, kilichochongwa sura ya mtu hasa, na mwili wake wote hufunikwa kwa nguo. Macho yaliyochongwa hayaoni kitu. Mchezaji mwenyewe hutazama kupitia mdomo wa kinyago.

Kamera haikujua hayo. Kinyago kilipoingia uwanjani, kisanduku kilirukia moja kwa moja jicho la mti na kulishika kwa uaminifu mkubwa kuliko kilivyolishika jicho la namba saba. Picha hazikuharibika, kwa kuwa kutoka jichoni hadi mdomoni ni inchi chache tu. Lakini mchezaji alipoinama na kutikisa mabega, sehemu ambayo ndiyo utamu wa ngoma yenyewe, uso wa mti ulitazama chini, na kamera ikamwacha, ikaenda kumshika mtoto aliyekuwa ameketi nyuma yake akila muhogo. Hapo niliizima sehemu ya kutambua macho, nikachagua kidoa kimoja katikati, nikakiweka mwenyewe mdomoni mwa kinyago na kukifuata kwa mkono, nusu kwa mtindo wa zamani. Picha nilizozipenda kuliko zote zilitoka hapo. Yule mtoto wa muhogo naye alitoka mzuri sana, nami nimempelekea mama yake nakala.

Wasomaji wengi hawatanunua kamera ya aina hii, na bei yake si ya mshahara wetu. Lakini simu nyingi za leo nazo hulenga zenyewe. Futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kupiga, maana ukungu wa chumvi na mafuta ya vidole huichanganya. Gusa uso wa mtu unayemtaka kwenye kioo, na katika simu nyingi ukibonyeza kwa muda kidogo fokasi hufungwa hapo. Mtoto akimbiapo, msubiri mahali atakapopita badala ya kumkimbiza.

Jioni ile nilimwonyesha mkaza mjomba picha za mwanawe mdogo. Nilikuza moja mpaka jicho likajaa kioo. Alitazama kwa muda mrefu, akaliona kovu dogo chini ya kidevu, akamwita kijana aeleze alilipata wapi. Kisha akatoa ile picha ya ukungu, maana nilikuwa nimemwachia tangu asubuhi, akaniuliza: "Mwanangu, na hii, kamera yako haiwezi kuisafisha?"

Nilimweleza kuwa haiwezi. Kulenga hufanyika kabla ya kubonyeza. Nuru iliyokwisha kuingia ovyo imeingia ovyo. Nilimweleza pia, kwa kuwa sikutaka kumficha, kwamba zipo programu za kompyuta zinazoweza kupunguza ukungu mdogo, na nyingine zinazoweza hata kumpa uso mkali mtu asiyeonekana kabisa, ila uso huo hukisiwa kutokana na nyuso nyingi za watu wengine ambazo programu ilifundishwa.

"Yaani nitaona macho, lakini si yake?"

"Ndiyo, mama. Huenda yakafanana."

Aliikunjia picha ndani ya kitambaa chake. "Basi usinitengenezee mtoto wa mtu mwingine," akasema, akanitaka nimchapishie ya huyu mdogo, kubwa, na nyingine ndogo ya kuweka pamoja na ile. Nimezichapisha Mtwara juma lililofuata na kumpa nahodha mmoja azipeleke, zikiwa zimefungwa ndani ya nailoni mbili. Kamera nimeirudisha kwa mwenyewe, na shemeji ameikagua kila tundu.