Masisi hadi Walikale: kwa njia ya fromaji na kasiksi

Kuna mchezo ulioanza Marekani mwaka 2000. Mtu anaficha kikopo porini, anaweka alama zake za GPS kwenye intaneti, na wengine wanakitafuta kwa simu. Masisi haina haja ya vikopo, na baada ya mapigano ya miaka mingi, si busara kupekuapekua vichakani. Hazina yake iko wazi juu ya rafu za mbao: fromaji.

Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita kama 25. Hapo barabara inapanda Mushaki, kwenye vilima vinavyopita mita 2,000, penye ukungu, baridi na majani mengi ya ng'ombe. Mapadri Wabeljiji walianzisha kazi ya fromaji huko miaka ya 1970, wenyeji wakaishika. Faida yake inaonekana barabarani. Mvua ikikata njia asubuhi, maziwa ya siku hiyo yanaharibika. Ndiyo maana yanapashwa moto, yanagandishwa, yanakamuliwa maji, yanashindiliwa, kisha yanalowekwa kwenye maji ya chumvi. Lita kama 10 zinatoa kilo moja tu, lakini kilo hiyo inavumilia pikipiki hadi Goma, hata ndege hadi Kinshasa.

Divai yetu haina uvumilivu huo. Kasiksi, ya ndizi mbivu na unga wa mtama uliokaangwa, inachacha baada ya siku chache. Ukipita Nyabiondo na kushuka kwenye misitu ya Walikale, malisho yanaisha na michikichi inaanza. Malafu ya huko ni matamu asubuhi, jioni yamekuwa makali. Ni lazima uyanywe palepale. Kwa maoni yangu, hiyo peke yake ni sababu ya kusafiri.

Lakini nani anasafiri? Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza ng'ombe wengi. M23 waliingia Mushaki Februari 2023, Goma Januari 2025, Walikale-centre Machi mwaka huohuo. Simu inaonyesha kilomita. Vizuizi na pesa zinazodaiwa hapo haivionyeshi.

Na fromaji inataka majuma ya kukomaa, mtu akiigeuza kila mara. Anayekimbia usiku labda ataswaga ng'ombe wake. Rafu zinabaki.

Ukiipata sokoni Goma, muulize mama anayeuza imetoka wapi, Mushaki au Kilolirwe, na njia ilikuwaje.