Dhahabu ilipanda, Geita Gold ikashuka

BEI ya dhahabu katika soko la dunia ilifikia takriban dola 2,450 kwa wakia moja tarehe 20 Mei 2024, kiwango ambacho kilikuwa hakijapata kuonekana. Siku nane baadaye timu ya mpira yenye jina la madini hayo, Geita Gold, ilifungwa nyumbani na Azam mabao 2-0 na kushuka kutoka Ligi Kuu ya Tanzania Bara, pamoja na Mtibwa Sugar.

Kwa mfanyabiashara wa Geita, Kahama au Shinyanga, mambo hayo mawili hayakai vizuri katika daftari moja. Mji ambao mgodi wake mkubwa, GGML, hutoa karibu wakia 500,000 kwa mwaka, na ambao ulifunguliwa soko la dhahabu mwezi Machi 2019, ungetarajiwa kuwa na timu inayonona bei inaponona. Haikuwa hivyo. Aliyeweka mtaji wake kwa kuangalia bei ya dhahabu, akaagiza jezi au akapanua kibanda cha chakula jirani na uwanja wa Nyankumbu, alikuwa ameangalia bei isiyohusika.

Itakumbukwa kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 chini ya kocha Fred Felix Minziro, na katika msimu wake wa kwanza, 2021/22, ikamaliza ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Mshambuliaji wake George Mpole aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Nafasi hiyo iliipeleka timu katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako ilitolewa mapema na Hilal Al-Sahil ya Sudan. Baadaye Mpole akauzika Lubumbashi, katika klabu ya Lupopo. Minziro naye akaondoka. Msimu wa 2023/24 ukaanza na benchi jipya la ufundi, na ukaisha kama ulivyoisha.

Fedha zinaingiaje

Klabu ya Ligi Kuu ina mifereji minne ya fedha. Wa kwanza ni mdhamini wake yenyewe. Wa pili ni mgawo wa ligi, yaani haki za televisheni na udhamini wa benki. Wa tatu ni viingilio vya mlangoni, na wa nne ni mauzo ya wachezaji. Jezi huhesabiwa kuwa mfereji wa tano, lakini kwa klabu nyingi za mikoani mfereji huo ni mkubwa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye droo.

Tuanze na mdhamini. Geita Gold ni timu ya halmashauri ya mji, na mdhamini wake mkuu katika miaka ya Ligi Kuu alikuwa GGML, kampuni ya AngloGold Ashanti. Udhamini wa namna hii ni mkataba wa kiasi maalumu kwa muda maalumu. Wakia ikiuzwa dola 1,800 au dola 2,450, kiasi kilichoandikwa ni kilekile. Kinachopanda na bei ni mrabaha wa Serikali, na ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo na kulipwa kwa halmashauri. Ushuru huo ukishafika halmashauri unagombewa na madarasa, zahanati na barabara kabla mtu hajataja mshambuliaji.

Mchimbaji mdogo ataelewa haraka akilinganisha na duara. Duara lina mwenye eneo, lina wachimbaji, na lina mfadhili anayelipia chakula, magogo na baruti mpaka mawe yapatikane. Mfadhili akiwa mmoja na chakula kikakatika, bei ya dhahabu Dubai au London haimshibishi aliye chini ya shimo. Tofauti ni kwamba mfadhili wa duara hugawana mawe. Mdhamini wa timu hagawani pointi, kwa hiyo hana sababu ya kibiashara ya kuongeza fedha mwezi Februari timu inapoanza kuzama.

Mfereji wa pili ndio unaouma zaidi timu inaposhuka. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka (TFF) mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya sh. bilioni 225.6. Mwaka 2023 benki ya NBC iliongeza udhamini wake wa ligi kwa miaka mitano kwa sh. bilioni 32.6. Fedha hizo hufika klabuni kwa kuwa klabu imo Ligi Kuu, na zawadi za mwisho wa msimu hufuata nafasi: wa nne hapewi sawa na wa 14. Klabu iliyoshuka haipunguziwi kidogo. Inaondolewa katika orodha hiyo na kuhamia ile ya Championship, ambayo ni nyembamba mno.

Gharama, kwa upande wake, hazishuki daraja. Championship ya msimu wa 2024/25 ilikuwa na timu 16 na mechi 30, sawa na Ligi Kuu. Basi linakunywa dizeli ileile, na kutoka Geita kwenda Pwani ni zaidi ya kilometa 1,000 hata kama anayekusubiri huko si Simba. Mikataba ya wachezaji iliyosainiwa kwa hesabu ya Ligi Kuu hubaki mezani mpaka imalizike au ivunjwe kwa fidia.

Uwanja na kivuko

Kuhusu viingilio, timu ina mechi 15 za nyumbani, na ukweli ambao kila mkata tiketi anaujua ni kwamba mbili kati ya hizo, ya Simba na ya Yanga, ndizo zinazojaza uwanja. Geita Gold ilizichezea baadhi ya mechi zake kubwa CCM Kirumba, Mwanza. Klabu ilipata kiingilio, lakini mwenye gesti, mama lishe na bodaboda wa Geita hawakupata kitu. Shabiki aliyetaka kuiona timu yake "nyumbani" alipanda gari hadi Busisi, akavuka ziwa kwa kivuko hadi Kigongo, akala na kulala Mwanza. Daraja la hapo lilifunguliwa Juni 2025, timu ikiwa tayari haina mechi ya ligi na Simba wala Yanga.

Hasara ya mwenye duka inaweza kupigwa kwa mfano. Tuseme amenunua jezi 200 kwa sh. 15,000 kila moja, jumla sh. milioni 3, akitarajia kuuza kwa sh. 20,000 na kubakiwa na faida ya sh. milioni moja. Timu inaanza kupoteza, anauza 120 tu na kupata sh. milioni 2.4. Zile 80 zilizobaki anazitoa baada ya msimu kwa sh. 5,000, anapata sh. 400,000. Mtaji umerudi na pengo la sh. 200,000, kabla ya kodi ya pango. Jezi ya timu iliyoshuka ni kama kalenda ya mwaka uliopita.

Si Geita peke yake

Stand United ya Shinyanga, iliyozaliwa na vijana wa kituo cha mabasi na inayoitwa Chama la Wana, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka 2015 ikapata udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mwaka 2016 mkataba ukavunjika baada ya mgogoro wa uongozi ndani ya klabu, na mwaka 2019 timu ikashuka. Hapo kilichokatika ni mdhamini, na aliyemfukuza hakuwa soko, ni ugomvi wa nyumbani.

Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi wa Williamson, ilishuka ikiwa ya mwisho msimu wa 2020/21. Mgodi wenyewe ulisimamisha uzalishaji Aprili 2020, soko la almasi lilipoanguka kwa sababu ya korona, na haukurudi kazini mpaka nusu ya pili ya mwaka 2021. Si haki kusema almasi peke yake ndiyo iliyoishusha timu, maana Mwadui ilikwishanusurika katika mechi za mchujo mwaka 2019, tena dhidi ya Geita Gold. Lakini msimu mzima uliangukia ndani ya miezi ambayo mgodi ulikuwa umelala.

Kwa hiyo timu tatu za ukanda mmoja zilishuka ndani ya miaka mitano, kila moja ikiwa na historia ya kuegemea mgodi. Hata Chunya mambo yalifanana: KenGold ilipanda 2024 na kushuka 2025.

Ulaya nako nafasi kwenye jedwali ni fedha, ila huko huandikwa wazi. Mkataba wa Adidas na Manchester United uliotangazwa 2014 ulikuwa na kifungu cha kupunguza malipo ya mwaka kwa asilimia 30 iwapo timu ingekosa Ligi ya Mabingwa misimu miwili mfululizo. Hisa za klabu hiyo zinauzwa New York, hivyo mwekezaji alikisoma kifungu na kukipigia hesabu. Geita Gold haina hisa sokoni. Hata Simba na Yanga haziko Soko la Hisa la Dar es Salaam, na utaratibu wa mabadiliko ya klabu za wanachama unawaachia wanachama asilimia 51. Mwekezaji mdogo wa Geita anaingia kwenye mpira kwa mlango wa nyuma tu: kwa kuuza bidhaa, kukopesha, kulisha au kulaza.

Mwaka 2025 Geita Gold na Stand United zilikutana katika mechi za mchujo wa kupanda. Stand ikaitoa Geita, kisha nayo ikakwama mbele ya Fountain Gate. Oktoba mwaka huohuo wakia ya dhahabu ilivuka dola 4,000, na timu hizo mbili zilikuwa bado Championship.

Anayeuzia klabu chakula, mafuta au vifaa kwa mkopo anatakiwa kuangalia tarehe kabla ya bei. Msimu huisha Mei au Juni, na huo ndio wakati mikataba mingi ya wachezaji na wadhamini humalizika. Maandalizi ya msimu mpya, pamoja na kambi na oda zake za mchele na nyama, huanza Julai. Ankara ya Julai mara nyingi hutegemea saini ambayo bado haijawekwa, na klabu iliyoshuka ndiyo inayosubiri saini hiyo kwa muda mrefu zaidi.