Homa Ikishuka, Ugonjwa Haujakwisha

Mfanyakazi wa Pasiansi aliyeshikwa na mafua makali aghalabu huamka siku ya nne akajiona mwepesi. Homa imeshuka, kichwa kimetulia, na magari ya kwenda mjini yanapita barabarani. Kibarua hakimngoji mgonjwa. Basi huvaa viatu akaenda kazini. Je, amepona?

La, hajapona. Mafua hayo huletwa na virusi. Homa yenyewe hudumu siku chache tu, lakini kikohozi na uchovu huweza kuendelea kwa majuma mawili au zaidi, kwa sababu utando wa njia ya pumzi umejeruhiwa. Vijidudu vingine vikipenya hapo, nimonia huingia. Katika janga la mafua la mwaka 1918, lililofika hata Afrika Mashariki, wengi waliokufa waliuawa na nimonia iliyofuata.

Kwa hiyo, pumzika nyumbani hadi ipite siku nzima bila homa, nawe hujameza dawa ya kuishusha. Kunywa maji kwa wingi, uji mwepesi na mchuzi wa sato. Fungua dirisha, hata upepo wa ziwa ukiwa na ubaridi, maana hewa safi huwakinga wanaolala nawe chumba kimoja. Usinunue dawa za kuua bakteria bila shauri la daktari, kwani haziui virusi. Wala usimpe mtoto mwenye mafua aspirini. Yaweza kumdhuru ini na ubongo. Tena kumbuka kwamba Mwanza ni nchi ya malaria: kila homa ipimwe damu, usikisie.

Homa ikirudi baada ya kupoa, kifua kikiuma, au pumzi zikiwa za shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wazee, waja wazito na watoto wachanga wasicheleweshwe hata kidogo.

Na mama wa nyumba je? Yeye huugua huku akichota maji na kupika, kwa kuwa hakuna wa kumpa ruhusa ya mapumziko. Baba na watoto wakubwa, shikeni ndoo na mwiko kwa siku hizo chache. Kumwuguza mama kwa nimonia ni kazi kubwa zaidi, na mara nyingine hukosa malipo.