Habari za Rangi za Maji

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa mchezo wa watoto, yaani kuchora picha kwa rangi za maji. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, wala si fundi mkubwa wa uchoraji. Lakini haya nitakayowaeleza nimeyajaribu kwa mikono yangu mwenyewe, na kosa nililolifanya huenda likawafaa ninyi msilifanye.

Chuoni petu tuna kikundi kidogo cha watu wapendao kuchora. Hukutana kila Jumamosi alasiri katika baraza ya darasa moja. Wamo walimu wawili, wanafunzi wa ualimu watano, muuguzi mmoja wa zahanati, na fundi seremala. Kwa muda mrefu tulitumia kalamu za risasi na mkaa tu. Kisha mwenzetu mmoja akapata kisanduku cha rangi ziitwazo guashi, nasi tukafurahi kama watoto waliogawiwa miwa.

Karibu na chuo akaa mzee mmoja aliyekuwa mpishi wetu zamani. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na nyasi, na wanawe walitaka kuibomoa ili wamjengee nyumba ya matofali mahali pale pale. Mzee hakukataa, ila alitujia barazani akasema, "Walimu wangu, katika nyumba ile ndimo marehemu mke wangu alimowalea watoto wote, na ndimo alimofia. Picha yake ninayo moja, lakini ya nyumba sina. Nichoreeni kabla haijaanguka."

Tulikwenda Jumamosi mbili tukaichora kwa guashi. Ikatoka vizuri kuliko tulivyotumaini. Wiki moja baadaye seremala akaichukua kumpelekea mzee, nasi hatukuifunika kwa kitu. Njiani mvua ikamkuta. Alipofika, mlango ulikuwa umechuruzika juu ya ukuta, na paa limekuwa tope. Na nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha bomolewa tangu siku ya pili yake. Seremala akarudi na karatasi ile mkononi, hasemi neno.

Basi tukaulizana, kwa nini rangi iliyokuwa imekauka wiki nzima ilirudi kuwa maji? Jawabu la swali hilo ndilo somo langu la leo.

Kila rangi ya kuchorea ina vitu vitatu. Cha kwanza ni unga wa rangi yenyewe. Cha pili ni gundi ya kuushika unga huo usianguke. Cha tatu ni kitu cha kuulainisha upate kupakwa, na katika rangi tunazozisema leo kitu hicho ni maji. Maji hukauka yakaenda zake, unga na gundi vikabaki juu ya karatasi.

Unga wa rangi mnaujua, ijapokuwa pengine hamkuuita hivyo. Masizi ya chungu ni unga mweusi. Chokaa ni unga mweupe. Ngeu, ule udongo mwekundu ambao maseremala huutia katika uzi wao wa kupigia mstari, ni unga mwekundu; wekundu wake hutokana na chuma kilichomo udongoni, kilichoshikana na hewa kama kutu ishikavyo jembe. Unga wa namna hii haupauki upesi kwa jua. Ndiyo maana katika miamba ya Kolo, wilaya ya Kondoa, ingali yaonekana michoro mekundu ya watu wa kale sana, nayo ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Bali rangi ya bizari ya manjano, ingawa yapendeza sana siku ya kwanza, ikiwekwa juani hufifia upesi.

Sasa tutazame gundi, kwani siri yote imo humo. Rangi za maji ni kama ndugu wa nyumba moja. Twawatambua kwa gundi zao.

Ndugu wa kwanza ni rangi angavu ya maji, ambayo watoto wa shule huiona katika visanduku vidogo. Gundi yake ni utomvu wa aina ya mgunga, mti uotao katika nchi kavu. Sudani ndiyo nchi ijulikanayo zaidi kwa biashara ya utomvu huo. Rangi hii hupakwa nyepesi sana, hata karatasi huonekana chini yake. Weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe. Kwa hiyo mchoraji sharti aanze na sehemu nyepesi, aendelee mpaka zile zilizokoza. Akisahau kuacha mahali peupe, pamekwisha potea.

Ndugu wa pili ni guashi. Gundi yake ni ile ile ya mgunga, lakini unga wake ni mwingi zaidi, na pengine hutiwa chokaa laini au unga mweupe ili iwe nzito. Guashi hufunika kilicho chini yake. Waweza kuchora usiku mweusi, kisha juu yake ukaweka taa nyeupe, nayo ikaonekana. Kwa mtu anayejifunza hii ni rehema kubwa, kwa kuwa kosa la leo laweza kufunikwa kesho.

Lakini kwa kuwa gundi ya mgunga huyeyuka katika maji kila mara, ndugu hawa wawili hawawi salama mbele ya maji, hata wakikauka mwaka mzima. Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani kukauka ni kukomaa, kumbe sivyo.

Ndugu wa tatu ni tempera, ambayo gundi yake ni kiini cha yai. Mafundi wa Ulaya waliitumia karne nyingi kabla rangi ya mafuta haijaenea kwao. Hukauka upesi, kisha hukomaa polepole, nayo ikikomaa haiyeyuki kwa maji. Lakini yapaswa kupakwa kwa mistari myembamba juu ya ubao mgumu, maana juu ya karatasi ikunjikayo yaweza kupasuka.

Ndugu wa nne ni mgeni, aitwaye akriliki, aliyeenea kwa wachoraji tangu miaka ya 1950. Huchanganywa na maji, lakini gundi yake ni ya kiwandani, nayo ikikauka huwa ngozi ngumu isiyoyeyuka tena kwa maji. Huyu hufaa kwa ubao wa nje na kwa ukuta. Walakini usiiache ikauke katika brashi, kwa sababu brashi hiyo haitafaa tena.

Huenda mtu akauliza, je, guashi yadumu? Yadumu ikitunzwa. Mwaka 1502 Albrecht Dürer, mchoraji wa mji wa Nürnberg katika Ujerumani, alichora sungura kwa rangi angavu pamoja na rangi nzito ya maji, akaonyesha manyoya yake kwa mistari midogo, mingine ya giza na mingine ya nuru. Picha hiyo ingaliko katika nyumba ya sanaa ya Albertina mjini Vienna, baada ya miaka zaidi ya 500. Lakini haitolewi mbele ya watu ila mara chache, kusudi nuru isiiharibu. Na mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa, alipokuwa mzee na mgonjwa katika miaka ya 1940, aliwaagiza wasaidizi wake wapake guashi juu ya karatasi, naye akazikata kwa mkasi na kuzipanga kuwa picha. Mtu asiyeweza kusimama mbele ya kazi yake aliweza hivyo kuendelea na kazi mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1954.

Sasa nitawapa mashauri ya kazi yenyewe.

Kwanza, kabla ya kuanza picha, ijaribuni rangi. Chukueni kipande cha karatasi nene, mpige mstari mweusi wa wino usioyeyuka. Pakeni kila rangi juu ya mstari huo. Rangi ikiuficha mstari, ni nzito. Mstari ukionekana, ni angavu. Ikikauka, ipitisheni brashi yenye maji safi juu ya ncha moja. Rangi ikitoka, gundi yake ni ile iyeyukayo. Kama tungalifanya jaribio hili dogo mapema, picha ya mzee isingaliharibika.

Pili, angalieni uzito wa guashi. Yafaa iwe kama maziwa mazito yaliyokaa kidogo. Ikiwa nyepesi mno, haitafunika. Ikiwa nene kama ugali, itapasuka ikikauka.

Tatu, jueni ya kuwa guashi hubadilika ikikauka. Rangi za giza hupauka kidogo, na rangi nyeupe-nyeupe hukoza kidogo. Kwa hiyo mkichanganya rangi, pakeni tone moja pembeni mwa karatasi, mngoje likauke, ndipo mseme kama ndiyo mnayoitaka.

Nne, wekeni mikebe miwili ya maji, mmoja wa kuoshea brashi na mmoja wa kuchanganyia. Mkitumia mkebe mmoja, baada ya nusu saa kila rangi itakuwa rangi ya mto wa masika. Na mkipaka rangi juu ya rangi, ya chini iwe kavu kabisa, nayo ya juu ipakwe upesi, bila kusugua. Mkisugua mtaiamsha ya chini.

Mtu asiye na rangi za dukani aweza kujaribu kutengeneza. Twanga ngeu, uichekeche kwa kitambaa mpaka iwe laini kama unga wa ngano. Loweka utomvu safi wa mgunga, sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji ya moto, uuache usiku kucha, kisha uuchuje. Changanya na unga wako juu ya kipande cha kioo. Tia tone la asali ili rangi isipasuke, na tone la mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Lakini nawaonya, msisage mawe au unga msioujua, kwa kuwa baadhi ya rangi ni sumu. Wala msilambe brashi kamwe.

Liko jambo moja zaidi, nalo si la rangi bali la watu. Mtu akijifunza peke yake hukata tamaa upesi. Katika kikundi chetu tumeweka sheria tatu. Ya kwanza, hapana mtu aruhusiwaye kugusa picha ya mwenziwe kwa brashi yake. Ya pili, kabla hujataja kosa, taja kwanza kile unachokiona. Ya tatu, anayejua jambo hana ruhusa ya kulificha. Siku ile seremala aliporudi na picha iliyoharibika, hatukumlaumu, kwa maana sote tulikuwa hatukujua. Lakini yeye mwenyewe hakuja barazani Jumamosi mbili, mpaka muuguzi wetu alipomfuata nyumbani.

Siku aliyorudi alikuja pamoja na mzee. Mzee akaketi katikati yetu, akasema, "Nyumba imekwisha, lakini mimi nipo. Andikeni niyasemayo." Nikamkumbuka Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji Makerere, Uganda, katika miaka ya 1930. Yeye alikuwa akiwasimulia wanafunzi jambo kwa maneno, nao wakalichora kama walivyoliona moyoni. Katika wanafunzi wake alikuwamo Sam Ntiro wa Kilimanjaro, ambaye baadaye alijulikana sana kwa picha zake za maisha ya kwao.

Nasi tukafanya vivyo hivyo. Tulikuwa na michoro ya kalamu tuliyoifanya mwanzo, na mzee akatusahihisha. Alisema, "Mlango mliuchora umefungwa. Marehemu hakuufunga mchana hata siku moja." Akasema tena kwamba kinu kilikaa kushoto, si kulia, na kwamba ukuta wa chini ulikuwa umekoza kwa sababu kila mwaka mkewe aliupaka udongo mwekundu. Kwa ukuta huo hatukutumia rangi ya kisanduku. Tulichimba udongo pale pale uwanjani pake, tukausaga, tukautia gundi.

Picha hii ya pili nayo ni ya guashi. Lakini seremala ameitengenezea fremu ya kioo, akaweka ukanda wa karatasi ngumu kati ya kioo na picha ili visigusane, na mzee ameitundika katika ukuta usiopigwa na jua. Mlango wake u wazi.

Wasikilizaji wangu, msiogope kuanza kwa sababu ya kuogopa kuharibu. Ila kabla ya kuipenda picha yenu, ulizeni kwanza imeshikwa na gundi gani.